Mzizi wa Amondi

Lindi, Kibera,
10 Oktoba 1996.

Kwa dada yangu mpendwa Sella,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mke wangu Magdaline na kwa binti yetu Mitchelle, ambaye sasa anakula na jana alimvuta mkia paka wa jirani mpaka ploti nzima ikasikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepungua uvimbe, na mvua haijaharibu mahindi uliyoanika. Sisi huku tunapumua, na unajua kwamba katika nyumba yangu neno hilo silisemi ovyo siku hizi.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Wakoli. Umesema Jumapili ya mavuno utaisoma mbele ya kanisa zima ile barua niliyokuandikia mwezi wa nane, ili watu wa nyumbani wajue Amondi amekuwa mwanamke wa namna gani huku Nairobi. Umesema kina mama wameshaacha kukaa benchi moja na mama yake, na hata samaki wake wa omena hawanunui tena. Umesema pia unajivunia kuwa na ndugu daktari. Wakoli anarudi nyumbani kesho, na nimemsihi akupe barua hii mkononi kabla ya Jumapili hiyo. Tafadhali isome yote, hata pale utakapotaka kuitupa motoni.

Kwanza nikueleze watu ninaoishi nao. Huku Lindi mtu akishikwa na homa haulizi ni homa gani, anauliza nyongo. Wanaamini joto lote la mwili limejificha ndani ya nyongo, na huponi mpaka uitoe kwa mdomo. Basi walikuwa wakienda kwa Amondi, kila mmoja na karai lake, wanaketi kwenye benchi nje ya chumba chake na kunywa ule mzizi wake uliosagwa na kukorogwa kwa maji vuguvugu. Baada ya muda mfupi ungesikia kwaya. Halafu watu wazima wenye watoto shuleni wanainamia makarai kulinganisha rangi. Ikitoka nyeupe wanasikitika. Ikitoka ya njano wanapeana mikono kana kwamba wamefaulu mtihani. Nalianya, jirani yetu wa mlango wa pili, aliwahi kuniita nikaone yake ilivyo ya kijani, na nadhani alitaka nimpongeze.

Mimi nilikuwa nikipita hapo asubuhi nikienda kazini Kawangware, kwenye kituo cha basi cha 46, koti jeupe begani, na nilikuwa nikitema mate makusudi wanione. Sijawahi kuona wajinga wanaojipenda kama wale. Lakini kilichonichukiza zaidi ni maswali ya Amondi. Mwanamke ameachia masomo darasa la tatu, lakini kabla hajampa mtu mzizi anamhoji kama karani wa hospitali: umekula nini, umekunywa nini, ilikuwa saa ngapi, una mimba, moyo unakwenda mbio. Wengine aliwafukuza bila kuwapa hata tone. Nilikuwa nikiiga sauti yake kule dukani, na Gichuru, mwenye duka la dawa, alicheka mpaka akatafuta kiti.

Mzizi wenyewe si mchezo. Mutiso, fundi wa stovu kule Laini Saba, alitapika siku mbili mpaka miguu ikakataa kumbeba na midomo ikapasuka kwa ukavu. Nilimtangaza kila mahali kama ushahidi. Sikusema kwamba Amondi alimpa kipimo kimoja, naye akaenda nyumbani akanywa na cha mkewe, eti kimoja hakimtoshi mwanamume. Sikusema pia habari za mzee mmoja aliyekula uyoga mbaya, ambaye Amondi alimtapisha palepale kisha akamshika mkono mwenyewe mpaka hospitalini. Hayo yote niliyajua, nikachagua la Mutiso.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Magdaline alikuwa kwenye foleni ya maji mlangoni tu, na Mitchelle akaifikia chupa ya soda chini ya meza. Ndani hakukuwa na soda. Kulikuwa na mafuta ya taa, na mimi ndiye niliyeyatia humo kwa kuwa mtungi ulikuwa unavuja. Magdaline alipomkuta anakohoa na kunuka mafuta, alimbeba mbio kwa Amondi, kama ambavyo mtu yeyote wa ploti yetu angefanya. Katika barua ya mwezi wa nane nilikuambia kwamba Amondi alimnywesha mtoto mzizi, mtoto akatapika, pumzi ikafunga.

Amondi hakumpa kitu, dada.

Alimnusa mdomo, akamwambia Magdaline kwamba aliyekunywa mafuta hatapishwi hata kidogo, kwa sababu mafuta yakipanda tena yataingia kifuani. Asipewe mzizi, wala maziwa, wala kutiwa kidole kooni. Ashikwe wima na apelekwe hospitali sasa hivi. Magdaline alikuwa anakimbilia barabarani nilipokutana naye nikitoka kazini. Aliponieleza kwamba Amondi amekataa kumtibu, nilicheka. Nikamuuliza mke wangu tangu lini tunapokea amri kutoka kwa muuza mizizi. Nikamnyang'anya mtoto, nikamrudisha nyumbani, nikisema kwamba sumu ni ya kutolewa, hata mtoto wa shule anajua. Tena nilikuwa nimevaa koti.

Na cha kuitoa nilikuwa nacho. Mzizi wa Amondi ulikuwa ndani ya mfuko wa koti lile, umefungwa kwa kipande cha gazeti. Kwa mwaka mzima, kila nilipopata homa, nilimtuma rafiki yangu Kitheka ajifanye mgonjwa aniletee. Kisha nilifunga mlango, nikainamia karai kama Nalianya. Na rangi nilikuwa naiangalia, dada. Nilikuwa naangalia na kufurahi. Lakini kwa kuwa nilituma mtu, sikuwahi kuketi kwenye lile benchi nikaulizwa yale maswali, wala sikusikia onyo hata moja. Nilijua kuyaiga tu.

Nikamkorogea mtoto wangu wa miaka miwili na nusu. Alitapika mara tatu, halafu midomo ikabadilika rangi na kifua kikaanza kubonyea. Aliyembeba mpaka barabarani ni Amondi, aliyekuwa amesikia kilio cha Magdaline. Huku akikimbia aliinusa fulana ya mtoto, akautambua mzizi wake. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, vijiko vingapi, ili daktari aambiwe. Nikamjibu kwamba sielewi anazungumzia nini.

Hospitalini daktari aliuliza ni nani amemtapisha mtoto huyu. Magdaline akaniangalia. Nikasema ni mganga mmoja wa mtaani. Daktari akasema watu wa aina hiyo ni wauaji, nami nikaitikia kwa kichwa kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kweli. Mitchelle alilala siku sita na mpira wa hewa puani. Hata leo akicheka sana, kifua kinapiga filimbi.

Tulipomrudisha nyumbani, walewale wa makarai walikuwa wamevunja benchi la Amondi na kumtupia vitu nje. Alijaribu kujieleza, lakini mwenye koti nilikuwa mimi, na huku koti linasikika kuliko mtu. Nilisimama mlangoni nikipokea pole zao. Nikawadharau walivyoniamini upesi, na pole nikazipokea. Magdaline tangu siku hiyo ananipakulia chakula na hanisemeshi.

Amondi sasa anafulia watu nguo Kawangware, kwenye ploti ya Wamuyu, na njia yangu ya kwenda dukani inapita hapo. Kila anaponiona anatoa mikono kwenye povu na kuniuliza mtoto anapumuaje. Nakwambia, afadhali angenimwagia hayo maji. Namjibu kwamba anaendelea vizuri, kisha natembea haraka kama mwizi.

Mimi si daktari, dada Sella. Kwa Gichuru nafagia, nafungua maboksi na kupanga chupa, na koti nilipewa ili vumbi lisiharibu shati. Uongo huo ulikupendeza, nikakuachia. Watu wa Lindi bado nawadharau, sitakuficha, lakini katika hao wote sijaona wa kudharauliwa kuliko mimi.

Kwa hiyo Jumapili ya mavuno usiisome ile barua ya kwanza. Soma hii, yote, na mama yake Amondi umkalishe mbele, kwenye benchi lako. Najua watakucheka kwa jinsi ulivyonisifu miaka yote hii. Kwa hilo nakuomba radhi, ila usiruke mstari hata mmoja.

Kesho asubuhi, nikishamkabidhi Wakoli barua hii, nitapita kwa Wamuyu bila koti nikamjibu Amondi swali lake. Jibu limechelewa miezi miwili na halitamsaidia daktari yeyote. Vilikuwa vijiko vitatu, vya kujaa.

Wasalimie watoto wote, na mama muuza omena, ukiona mkono wake utakubali kushikwa. Mungu akulinde na akupunguzie maumivu ya mguu.

Ni mimi mdogo wako,
Lazarus, mfagiaji.