Maneno ya Baba Yaliyosalia kwenye Diski

Lucky Summer, Nairobi
Jumapili, saa kumi jioni

Dada yangu Jerida,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote mlio hapo nyumbani. Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu mvua zianze? Na ule mguu wako uliokuwa ukifa ganzi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio uliokuwa mgonjwa wiki hizi mbili, na ndiyo sababu sikujibu barua yako uliyoulizia habari ya maneno ya Baba.

Dada, nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka siku ya mazishi niliwaambia watu kwamba masimulizi yote ya Baba nimeyaandika, yako salama kwenye kompyuta. Ilikuwa kweli. Ile miezi mitatu aliyokaa kwangu akitibiwa, kila nikirudi kutoka kazini nilimkuta ameshavuta stuli karibu na ile kompyuta kuukuu niliyopewa na ofisi waliponunua mpya. Ananisimulia visima alivyochimba, kutoka Mbale mpaka Nyang'ori, nami napiga chapa. Alitaka habari hiyo iwe kwa Kiswahili ili hata watoto wa kaka yetu waliozaliwa Mombasa waisome. Lakini sikuwahi kuitoa kwenye karatasi. Nilijiambia nitaisafisha kwanza. Baada ya kumzika nikashindwa hata kuifungua.

Ulipoandika kwamba mnataka masimulizi yasomwe Desemba kwenye kumbukumbu yake, nilijikaza nikaiwasha ile kompyuta. Ikaanza kulia ta, ta, ta, kama mtu anayegonga sufuria kwa ukucha. Nikafungua faili ya Baba. Ikaniandikia kwamba haisomeki. Nikajaribu tena na tena. Huku mtaani stima inapotea ovyo, taa zote zikazimika, na mara nyingi ilipotea nikiwa katikati ya kuandika. Kumbe kila kompyuta ikizimika ghafla namna ile, diski, yaani kile chuma cha ndani kinachohifadhi maandishi, ilikuwa ikiumia kidogo kidogo.

Sikumwambia mtu. Kazini napiga chapa barua za watu, mwisho wa siku sikumbuki hata moja ilihusu nini. Nilikuwa nawaza nitakutazamaje usoni.

Jana asubuhi nikamwita Bwana Njoroge, jirani wa ploti ya pili, anayetengeneza redio na siku hizi kompyuta pia. Alikuja na bisibisi mfukoni. Nikamwambia nimeona ndani mna programu ya kukagua diski na kurekebisha makosa, nilikuwa karibu kuibonyeza.

"Umebonyeza?"

"Bado. Niliogopa."

"Hiyo woga imekusaidia, madam. Kwanza tunatoa kile kinakubali kutoka. Ukirekebisha kabla ya kutoa, unaweza kupoteza hata kile kizima."

Basi akaanza kunakili kwenye diski ndogo za kuchomeka. Zaidi ya nusu ya masimulizi yakatoka. Nilipoona ukurasa wa kwanza, pale Baba anapotaja kijiji na mama yake, nilikaa chini kwenye kitanda. Yaliyobaki yakakataa.

Ndipo akaanzisha ukaguzi. Kwenye kioo vikatokea visanduku vidogo vingi sana, kimoja kimoja vikipimwa, na penye ubovu inaandikwa herufi B. Kazi hiyo ilikula mchana kutwa. Nilifua, nikapika githeri, tukala, na kila nikipita natazama kioo. Zikatokea B tatu zikifuatana.

"Hapo hakuna mtu atarudisha," Bwana Njoroge akasema. "Lakini sasa mashine imejua isiandike tena hapo."

Mwishoni kompyuta ikauliza swali. Imepata vipande vya maandishi visivyo na mwenyewe, ivitupe au ivihifadhi?

"Wengi hutupa," akaniambia. "Ni mabaki tu ya siku stima ilikatika."

"Hifadhi," nikasema. "Yote."

Alipoondoka nikavifungua kimoja kimoja. Vingi vilikuwa herufi zisizo na maana. Halafu kimoja kikafunguka, na Dada, alikuwa Baba.

Unajua nilivyokuwa nikiandika: kila neno linalomtoka, hata lisilo la masimulizi, kisha baadaye nafuta. Yale niliyofuta ndiyo yaliyokuwa kwenye vipande. "Ngoja, nimedanganya, haikuwa Jumatano." "Hapo weka nukta nipumue." "Usiandike hilo, mama yako atanuna." Na mahali pengine, katikati ya habari ya kisima cha Chavakali: "Chai yako imepoa, mwanangu, kunywa kwanza, mimi siendi popote."

Nililia, Jerida. Sikulia hivyo hata kaburini. Kaburini kulikuwa na watu na nyimbo. Hapa tulikuwa mimi na yeye tu, na alikuwa ananihimiza ninywe chai.

Sasa nikueleze lililopotea, maana ni lako. Ni habari ya kile kisima kilichobomoka, mwaka ambao mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Imebaki sentensi hii: "Udongo ukanifika kifuani, nikatazama juu nikaona kipande cha mbingu na uso wa Jerida, na Jerida akasema." Imekatika hapo. Nakumbuka Baba alinieleza kwamba ulikataa kutoka pale ukingoni, ukawa unaongea naye mpaka wanaume wakaja na kamba. Alinitajia mliyoongea. Alicheka na kufuta macho akinitajia. Lakini mimi nilikuwa nakimbizana na vidole, sikusikiliza, niliitegemea mashine ikumbuke kwa niaba yangu.

Hilo linaniuma kuliko ubovu wa diski. Niliishi na Baba chumba kimoja miezi mitatu, na muda mwingi nilikuwa nimempa kisogo.

Yaliyopona nimeyaweka kwenye diski ndogo mbili, moja iko kwa Bwana Njoroge. Kesho naanza kuyatoa kwenye karatasi, na yale maneno ya pembeni sitayafuta tena. Nitakuja nayo mwenyewe, nimeshaomba likizo, hata nikikataliwa nitakuja.

Msalimie Mama, umwambie Baba alimwogopa hadi mwisho, ataelewa. Msalimie shangazi yetu Abigael wa ng'ambo ya mto, na mumeo mwalimu, na binti yako Kageha ambaye nasikia ameanza kusoma mwenyewe.

Nikija, usinipikie kwanza. Keti nami uniambie ulimwambia nini. Mara hii sitaandika hadi umalize.

Mdogo wako anayetamani kukuona,
Loice