Mjukuu Aitwaye Taafeiti

Kaka, mjukuu wangu eti anaitwa Taafeiti. Sikutanii! Jina la marehemu mke wangu, tulilokubaliana tangu mimba, mkwe amelitupa.

Nikamuuliza maana yake. Akajivuna: "Ni jiwe adimu sana duniani, baba."

Nikamwambia: "Nimekuuliza maana, sijakuuliza bei!"

Akafungua simu, akasoma mbele ya ukoo mzima: jiwe lilipewa jina la mwanamume aliyeligundua. La mwanamume, kaka! Kitoto cha kike kimebebeshwa jina la mtu baki, na bwege huyu bado anatabasamu.

Binti yangu akanipakatisha mtoto. "Baba, mwite jina la mama."

Nimemwita. Mkwe yuko kwenye kochi, anatafuta jiwe lingine.