Mimi Nimo Kwenye Kijani

Mwanangu,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimemzika mama yako, nimewazika kaka zangu wanne, na daktari aliyesema sitafika sabini nimemzika pia. Kwa hiyo usidhani nalia.

Walikuja watu wa utafiti kutuhoji wazee wa mtaa. Binti mmoja akaniuliza, "Babu, nani anakutunza?" Nikamwambia mwanangu huja kila mwezi, mikono imejaa. Ulitaka nimwambie nini?

Mwezi uliopita wakatuita ukumbini kutuonyesha matokeo. Ukutani palikuwa na duara kubwa. Sehemu ya kijani ni wazee wanaotunzwa na watoto wao, na kipande chembamba chekundu ni wasio na mtu. Nikasimama nikasema, "Mimi nimo kwenye kijani!" Nikapigiwa makofi.

Kisha binti akasoma muhtasari: muuguzi wa kupita majumbani sasa atakwenda kwa wale wekundu tu.

Fundi viatu, jirani yangu, akaninong'oneza, "Mzee mwenzangu, hata mimi nilidanganya."

"Basi simama ukaseme."

"Tangulia wewe, simba."

Hakusimama mtu.

Kidonda cha mguu, alichokuwa akinifunga muuguzi, nakifunga mwenyewe siku hizi, na kimeanza kunuka. Sikuombi kitu, unanijua. Ila ukija hata mara moja, uongo wangu utapungua.

Ukiona natia chumvi, muulize fundi viatu. Ndiye anayenichotea maji tangu Jumatatu.

Ni mimi baba yako, bado nipo.