Kibaraza cha Bibi: Kung'oa Mbao au Kuzipiga Upya

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA PILI CHA FAMILIA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 9 AGOSTI, SEBULENI KWA BIBI, KUANZIA SAA NANE NA NUSU MCHANA

WALIOHUDHURIA
Baba Mkubwa – Mwenyekiti
Shangazi, mdogo wake Mwenyekiti, msimamizi wa ghala la mbao – Mjumbe
Mama, anayeishi na Bibi na kumhudumia – Mjumbe
Bibi, mama mzazi wa Mwenyekiti na Shangazi – Mwenye nyumba
Fundi seremala, maarufu kwa jina la Milimita – Mwalikwa
Mjukuu, mwanafunzi – Katibu

HAKUHUDHURIA
Baba – yuko safarini kikazi. Alituma ujumbe kwamba anaunga mkono upande utakaoshinda.

KUMB. NA. 1/2: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaomba wajumbe waseme kwa kifupi na kwa adabu. Shangazi aliuliza kama ombi hilo linamhusu na Mwenyekiti. Alijibiwa kwamba linamhusu kila mtu. Ujumbe wa Baba ulisomwa. Bibi alisema, "Huyo tangu utotoni hivyo hivyo," na kikao kikaendelea.

KUMB. NA. 2/2: HALI YA KIBARAZA
Mwenyekiti alieleza kwamba kibaraza kilijengwa mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha, kwa mbao za mvule alizozinunua mwenyewe kule bondeni kwenye joto na unyevu. Alieleza kwamba siku kazi ilipokwisha mbao zilikuwa zimebanana kiasi kwamba karata haikupita kati yake. Shangazi alisema analikumbuka hilo vizuri, kwa sababu Mwenyekiti alimfuata kila mgeni na karata yake mkononi. Sasa, alisema, panapita kidole, na karata akiidondosha ataitafuta uvunguni.

Mwenyekiti alisema kosa ni la hewa ya huku juu, ambayo ni kavu kupita kiasi. Shangazi alijibu, "Kaka, hewa ya huku ilikuwa kavu kabla hujazaliwa. Mbao ndizo zilizokuwa ngeni."

Mama aliwakumbusha wajumbe jambo lililowakutanisha. Mwezi wa sita ncha ya mkongojo wa Bibi ilizama kwenye mwanya, na Bibi akaangukia goti. Tangu siku hiyo hajatoka nje. Anaota jua dirishani, na jua hilo huondoka mapema. Bibi aliomba irekebishwe kwamba hakuanguka, bali alikaa ghafla. Imeandikwa kama alivyosema.

KUMB. NA. 3/2: CHANZO CHA UHARIBIFU
Milimita alieleza kwamba mbao zilipofika alishauri zipangwe kivulini mwezi mzima, zikiwa na vijiti katikati ili upepo upite, mpaka zizoee hewa ya hapa. Mwenyekiti alikanusha na kusema, "Wewe ulisema wiki." Milimita alijibu, "Nilisema mwezi, ukakunja uso. Nikasema wiki. Ukaniuliza kama haiwezekani kesho, nikakwambia wewe ndiye mwenye kazi, mzee." Shangazi alisema, "Kwa hiyo mmoja hakusubiri na mwingine hakukataa. Mmekutana."

Ilielezwa pia kwamba mianya ilipotokea Mwenyekiti aliagiza mbao zimwagiliwe maji kila asubuhi ili zivimbe. Katibu alithibitisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwagilia. Shangazi aliuliza kama kibaraza kilikuwa kimeanza kutoa maua. Kisha alieleza kwamba jua la huku juu ni kali na hukausha uso wa ubao wakati tumbo lake bado limelowa, ndiyo maana kingo zimenyanyuka na mbao zinakaa kama mitumbwi.

Kuhusu vanishi iliyobanduka yote, Mwenyekiti alisema kopo liliandikwa miaka kumi. Shangazi alisema, "Kopo halikujua linakuja wapi."

KUMB. NA. 4/2: MAPENDEKEZO
Mwenyekiti alipendekeza mbao zote zing'olewe na pamwagwe zege, kwa kuwa zege halipindi wala halina dada wa kulisemea. Mama alimuunga mkono. Alisema yeye ndiye aliyemnyanyua Bibi siku ile, na hataki kumnyanyua tena.

Bibi alisema zege ni baridi na litamwingia magotini.

Shangazi alipendekeza mbao zibaki. Alisema, "Mbao hizi zimekauka mwaka mzima zikiwa zimeshapigwa, badala ya kukauka kwanza. Sasa ndiyo zimekuwa tayari, na sasa ndiyo unataka kuzitupa!" Alieleza kwamba zing'olewe, zilizopinda zipigwe randa, zirudishwe zikiachiana nafasi ya unene wa sarafu mbili, ambayo mkongojo haupiti. Matundu ya skrubu yatobolewe kwanza kwa keekee, maana mti mgumu uliokauka hupasuka. Ncha za mbao zipakwe nta. Vanishi isirudi kabisa. Zipakwe mafuta yenye rangi kidogo ya kuzuia jua, kabla ya kiangazi na baada yake, kila mwaka.

Mwenyekiti aliuliza nani atapaka. Alisema, "Nawajua. Mwaka wa kwanza mtagombania brashi. Mwaka wa pili mtapigiana simu." Katibu aliomba ruhusa ya kusema, akasema atapaka yeye. Mwenyekiti alisema Katibu ana mitihani. Katibu alisema mafuta yatapakwa wakati wa likizo. Shangazi alisema, "Andika hilo, mwanangu." Limeandikwa.

KUMB. NA. 5/2: KURA
Shangazi alipigia mbao. Mama alipigia zege. Bibi alikataa kupiga kura akisema hawezi kuomba kura juu ya nyumba yake mwenyewe. Katibu na Mwalikwa hawana kura. Hivyo uamuzi ulimrudia Mwenyekiti.

Kabla ya kuamua, Mwenyekiti alitaka wajumbe watoke nje wakaone kwa macho takataka inayotetewa. Bibi alisema na yeye angependa kuiona. Mama alipinga. Mwenyekiti alisema atamtoa yeye, na kwamba hahitaji msaada wa Milimita, ambaye ameshasaidia vya kutosha.

Mwenyekiti alibeba kiti cha Bibi mpaka kibarazani. Alikiweka, akakitikisa, akakihamisha, kwa kuwa kila mara mguu mmoja ulikuwa juu ya mwanya. Alikihamisha mara nyingi. Wajumbe walisubiri mlangoni. Alipopata mahali penye mbao nzima aliupiga kila mguu wa kiti kwa kiganja, kisha akarudi kumchukua Bibi, akatembea naye akimshika mikono yote miwili huku yeye akienda kinyumenyume.

Bibi alikaa, akavua viatu, akaweka nyayo juu ya mbao. Alisema zina joto.

Baada ya muda Mwenyekiti alimuuliza, "Mama, nikurudishe ndani?" Bibi alisema, "Ndiyo kwanza nimefika."

Mwenyekiti alipigia mbao. Aliomba sababu isiandikwe.

Iliazimiwa kwamba Milimita aanze Jumatatu, na kwamba asikubali kuharakishwa na mtu yeyote, akiwemo Mwenyekiti. Mwenyekiti hakupinga.

KUMB. NA. 6/2: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo jioni, kibarazani, kwa kuwa Bibi alikataa kurudi ndani.

(Sahihi) ……………………
Mwenyekiti

(Sahihi) ……………………
Katibu