Mzizi Ulionitumia

Mjukuu wangu Hamdi,

Huku Northfield hatujambo, alhamdulillahi. Mamako amehamia Great Barr, upande wa pili wa mji, namwona wikendi tu.

Kifurushi chako kutoka Guangzhou kilifika. Unauliza mbona bado nakohoa na dawa sijaigusa. Unasema Wachina huutia mzizi huo karibu kila dawa, ili dawa zipatane. Nilipofungua tu nikaujua kwa harufu: urukususu! Mamangu akiuchemsha nyumbani Mombasa, na mtaa mzima ukija na vikohozi vyao. Lakini kabla hajampa mtu kikombe, alimtazama miguu. Siku moja akaja dadake, khalati yangu, anakohoa na miguu imevimba. Mama akamnyima.

"Huu utakuzidishia uvimbe."

"Majirani unawapa, mimi nduguyo waninyima?" Akaondoka na hasira zake.

Mimi sasa nina presha, na daktari ameniambia urukususu huipandisha. Kwa hivyo nimeuweka kabatini, karibu na mchele, na kila nikipika naunusa.

Khalati alinuna mwaka mzima. Lakini aliishi hadi akambeba mamako mgongoni. Nawe ukitaka kununa, nuna, bora unipigie simu.

Nyanyako