Jina Lako Halimo Ukutani

Hayes, London
Jumanne, Novemba

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepungua kuvimba, na ile dawa ya presha unaimeza kila asubuhi, si siku ukikumbuka tu. Sisi tuko. Wanja ametimiza miaka sita na meno mawili yameng'oka. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa yote ila anajibu kwa Kiingereza, hata nikimkaripia. Mdogo wake bado ananyonya na hajajifunza kulala. Baba Wanja anaendesha basi, mimi napanga trei za chakula cha ndege, kwa hivyo tunakutana mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akivaa. Siku hizi nikiingia chooni nakaa dakika moja zaidi ili mtu asiniite.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Shiku, ambaye tunafanya kazi meza moja, anasafiri Nakuru Ijumaa na amekubali kukuletea mkononi. Sikutaka simu. Wewe simu unaiweka sauti kubwa mpaka jirani anachangia, na haya ni ya kusoma ukiwa peke yako umekaa.

Ni habari ya ule ukuta. Unakumbuka nilikuambia kuna chama cha Wakenya wapenzi wa muziki wa country kinachokutana Kilburn, Jumapili moja kila mwezi, kwenye chumba cha nyuma cha baa ya mzee mmoja wa Ireland. Huyo mzee naye muziki huu umemlea, ndipo akawapa ukuta mzima watundike picha kumi na mbili za watangulizi wa country ya Kenya. Nilidhani watapanga majina kwa jioni moja. Mama, wamebishana miezi mitatu. Mmoja alisema aliyeimba nyimbo za Wamarekani bila kubadilisha neno huyo ni kasuku, asiwekwe. Mwingine akamjibu kwamba bila kasuku hao yeye mwenyewe asingejua country ni nini, angekuwa anasikiliza taarifa za bei ya mahindi. Wakagombania watangazaji wa redio, wakagombania waliopiga gitaa kanisani. Mwenyekiti wetu, Bwana Ndirangu, alisema tukimweka kila mtu aliyewahi kuvaa kofia ya kaboi itabidi tuombe na ukuta wa jirani. Kuna Stéphanie, Mkongomani aliyeolewa na mmoja wao, alikaa saa mbili akiwatazama, kisha akauliza kama country ni muziki au ni kesi.

Nilicheka nao. Halafu nikasimama nikataja jina lako, Zipporah wa Menengai Cowboys, na wakaniuliza ni nani huyo.

Niliwaeleza kama ulivyonisimulia tangu nikiwa mdogo. Kwamba mwaka wa themanini na tisa kundi lilikuwa watu wanne na wewe mwanamke peke yako. Kwamba nyimbo nne kati ya nane ulizitunga na kuziimba wewe, na Kahenya alikuwa anapiga gitaa tu. Kwamba mlirekodi kwa Mzee Jaswant, ile studio iliyokuwa juu ya duka la fundi cherehani, na kabla kaseti haijatoka mimba ya kaka ikaonekana, Kahenya akasema mwanamke mwenye tumbo hapandi jukwaani, akarudi studio akaziimba zile nne kwa sauti yake. Kaseti iliyouzwa ina uso wake na jina lake. Sauti yako ilibaki kwenye kaseti moja tu, ile Mzee Jaswant aliyokupa ukiondoka.

Walinisikiliza vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini Bwana Ndirangu ana kanuni yake: kila jina liwe na sauti inayosikika, au mashahidi wawili waliokuwapo. Kahenya alipita kwa dakika tano kwa sababu kila mtu alikuwa na kaseti yake nyumbani kwao. Baadhi yao waliimba pale pale mstari wa kwanza, nami nikajua ni wa kwako.

Ndiyo maana nilikuomba kaseti. Ukaituma imefungwa kwenye leso, ukaniambia London kuna mashine za kuvuta sauti hata ikiwa imefichika, na kwamba sasa ulimwengu utajua jinsi yule Kalasinga alivyokupa kaseti mbovu. Nilikumbuka mwaka Kahenya alipofariki, redio ikipiga nyimbo zako kutwa nzima, ukawaita akina mama wa kanisa uwasikilizishe mwenyewe halisi. Ulibonyeza, ikatoa mvumo kama mvua kwenye mabati, upande wa kwanza na wa pili. Mmoja wao akasema labda ulikuwa unaimba kimya kimya. Walicheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo umesema Mzee Jaswant alikuuzia hewa.

Nilimpelekea mtu mmoja Stratford anayesafisha kaseti za zamani. Aliishughulikia wiki nzima, maana mwanzo wa kanda ulikuwa umeota ukungu. Mama, kuna sekunde tisa. Gitaa linaingia, unasikika ukivuta pumzi, kisha unaimba, "Nilikungoja kwenye reli hadi." Halafu kuna mlio mdogo, kisha hakuna tena. Aliniambia hakuna mashine duniani itakayoleta kisichokuwapo. Upande wa pili hauna hata sekunde moja.

Nilibaki na mashahidi. Uliposema Mzee Jaswant alihamia huku na watoto wake, nilienda kuuliza kwenye hekalu lao hapa Hayes, mtoto mgongoni. Walinielekeza mtaa wa pili kutoka kwangu. Miaka minne nimepita mbele ya mlango ule nikienda kazini. Binti yake, Bhavna, alinifungulia. Mzee Jaswant ana miaka themanini na minne, na Kiswahili chake cha Nakuru ni kizuri kuliko changu. Nilipotaja jina lako aliniuliza kama bado unavua viatu kabla ya kuimba. Alisema ulimfanya azime feni, ukaimba huku jasho linakutiririka, na yeye amerekodi watu wengi lakini ile sauti yako ya kupanda na kuvunjika kooni hakuisikia tena kwa mtu mwingine. Kanda kuu ya studio, alisema, ilifutwa Kahenya alipokuja kurudia. Ndiyo maana alikutengenezea nakala kwanza, kwa siri.

Nikampa kaseti. Alivaa miwani, akaigeuza mgongo. Akanionyesha mahali pale penye vijino viwili vya plastiki, akasema alivivunja kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kaseti iliyovunjwa vijino mashine inakataa kurekodi juu yake, isipokuwa mtu azibe matundu. Akapapasa kwa kidole gumba.

"Nani ameweka selotepu hapa?" akaniuliza.

Nilisema sijui.

Alivua miwani akaniangalia. Bhavna alikuwa amesimama na chai. Kisha mzee akanirudishia kaseti, akasema pengine amesahau, ni miaka mingi, pengine kweli alikupa kaseti duni bila kujua. Akaniambia nimwambie Zipporah kwamba Jaswant anaomba radhi. Nikaitikia, nikanywa chai yake. Aliniandikia barua ya ushahidi, akaitia sahihi, na mimi nikaikunja nikaiweka kwenye mfuko wa nepi.

Nadhani alijua, Mama.

Jumapili ya chama iliyofuata niliipeleka ile barua Kilburn. Wakasema huyo ni shahidi mmoja, na tena ni fundi wa mitambo, si mwanamuziki. Wa pili hayupo. Mpiga ngoma alikufa Eldoret, wa besi hajulikani alipo, na Kahenya ndiye huyo. Ziliwekwa zile sekunde tisa chumba kizima kikanyamaza, na hilo nataka ulijue, walinyamaza hata walevi. Lakini mmoja akasema ni mwanamke fulani anaimba, basi, nani atajua ni nani. Bwana Ndirangu si mtu mbaya. Alinivuta pembeni akanipa njia ya kati: chini ya picha ya Kahenya yaandikwe maneno madogo, pamoja na waitikiaji wake.

"Kuitikia pia ni kazi, dada," akaniambia.

"Mama yangu hakuitikia," nikasema. "Aliitikiwa."

Nikakataa. Sikukuuliza. Ningekuuliza pengine ungesema bora hicho kidogo, na mimi nisingeweza kupita pale nikuone umeandikwa chini ya kidevu cha mtu aliyekunyang'anya. Kwa hivyo hata hicho kidogo hakipo, na ni mimi niliyekikataa.

Picha zimetundikwa juzi. Kumi na wawili, wote wanaume, wote na kofia. Ile picha uliyopiga studio na gitaa la kuazima, usiitie fremu kwa ajili ya huku. Na usiwaambie akina mama wa kanisa kwamba bado inajadiliwa. Haijadiliwi. Nakwambia hivi bila kuzunguka kwa sababu nimekuzungusha vya kutosha, na sasa naandika kile ambacho kimenifanya nitafute kalamu.

Selotepu ile niliiweka mimi.

Nilikuwa darasa la pili. Wewe ulikuwa sokoni na kaka alikuwa shule. Watoto wa darasani walikuwa wamenifundisha kwamba kaseti inayokataa kitufe chekundu ukiiziba matundu inakubali. Nilibandua kipande kwenye jalada la daftari langu. Nilitaka kuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu. Nilitangaza siku mbili, upande huu na ule, nikiwasalimu watu wote wa mtaa, na wewe nikakusalimu mara nyingi kuliko wote. Sikujua kwamba redio yetu tangu ianguke sikio lake la kunasa sauti lilikuwa limekufa, kwamba inafuta tu bila kuandika chochote. Nilipojisikiliza na kukuta mvumo nilidhani nimekosea kitufe. Nikairudisha kwenye leso. Zile sekunde tisa zilizobaki ndizo nilizosikiliza kabla sijabonyeza.

Siku ya akina mama wa kanisa nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa najua. Nilikuwa napitisha vikombe. Niliwaona wanakucheka, nikaongeza sukari. Kisha ukaanza kumlaani Mzee Jaswant, na kila mwaka ulipomlaani ilikuwa vigumu zaidi kusema, mpaka nikazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Uliponitumia kaseti nilijidanganya kwamba pengine nilifuta kidogo tu. Hilo ndilo lililonifanya nikuache utumaini.

Usinijibu kwamba ulikuwa utoto. Darasa la pili ulikuwa utoto. Miezi hii mitatu haikuwa, na ile chai niliyokunywa kwa yule mzee haikuwa. Ukikasirika, kasirika, una haki. Najua pia kwamba hakuna la kufanya. Sauti haipo, waliokuwapo wamekwisha, na wewe mwenyewe ulinikiria mwaka jana kwamba maneno umeyasahau. Juzi Wanja aliniuliza nyanya yake alikuwa anaimba nini. Nilimwimbia mpaka kwenye "hadi" nikasimama. Aliuliza hadi nini.

Nisalimie kaka na familia yake, na jirani pia, maana najua atauliza Shiku alileta nini. Vaa soksi ndefu jioni na usibebe maji mwenyewe. Watoto wanakusalimu, Baba Wanja anakusalimu. Mimi nakupenda, Mama, na nitapokea simu yako siku yoyote utakayotaka kupiga, hata kama ni mwakani.

Lakini usinipigie mimi kwanza. Namba ya Mzee Jaswant iko nyuma ya karatasi hii. Mpigie asubuhi, kwa sababu mchana huwa hakumbuki watu, na umwambie ni nani aliyeweka selotepu.

Binti yako,
Lilian