Somoe Hataki Pilipili

Mama yangu mzazi, shikamoo.

Uitikie kwa sauti, maana hapa Same upepo ni mwingi na mimi nimekutegea sikio kutoka stendi. Magoti yanasemaje? Ukuta wa jikoni umesimama, au mnapika na mvua? Mimi mzima, ila mzima wa kununa.

Achari yako ilifika, chupa haikuvuja hata tone. Madereva wa mabasi ya Arusha wameila na mihogo yangu ya kukaanga, sasa wanapiga honi kabla hawajafika. Wanalia machozi na sahani wanarudisha niwaongeze. Nawaambia mimi nimetembea, nimekula meza moja na Wagiriki wa mkonge, hakuna ulimi nisioujua. Mwanao huyo, aliyeishia darasa la tano.

Ndiyo kazi yangu tangu shamba la mkonge liuzwe tukatolewa getini na mabegi yetu. Zamani mshahara ulikuwepo, sabuni tukaitafuta kwa magendo. Sasa sabuni imejaa madukani mpaka inanukia njiani, anayeoga ni mwenye duka. Ndiyo maana mke wangu na Somoe wanaishi juu Chome, kwa mama mkwe.

Sasa lile ombi lako, kwamba nikuletee mjukuu wako niliyempa jina lako, umlee, ajue kwao. Nilipanda mlimani kumchukua. Nikaona kabla ya safari nimpikie cha kwetu, azoee: samaki wakavu wa shangazi, nazi, na achari yako. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mwanaume jikoni kwangu? Mkwe, majirani watasema nimekunyima chakula."

Nikamwambia atulie, leo atakula kitu. Wenyewe huku ni makande, mahindi na maharage ya kuchemsha, chumvi imepita tu kusalimia. Shemeji yangu Mbazi akajitapa, "Lete hiyo pilipili, sisi si watoto." Kijiko kimoja tu, akaomba kibuyu cha dengelua, ile pombe yao ya miwa, akakiinamisha mpaka kikakauka. Nilicheka nikajisahau.

Nikachovya ncha ya kidole, nikamgusisha Somoe ulimini. Kidogo mama, kama ulivyokuwa ukinilambisha mimi. Hakupiga kelele. Alimkimbilia bibi yake, akajifuta ulimi kwa upindo wa kanga, akauliza, "Bibi, nimekosa nini?"

Bibi akampakata. Ndipo mke wangu akanieleza. Shamba lilipofungwa alibeba mawe ya barabara kwa kibarua, tumbo tupu, maziwa yakakatika. Kwetu mama anapaka shubiri kwenye titi, mtoto anakunja uso, ameacha. Yeye shubiri hakuipata, akapaka pilipili. Somoe alilia mpaka sauti ikaisha, na kila akirudi anaikuta ileile. Mimi siku hizo nilikuwa getini na wenzangu, tunangoja waliotuuza watoke watuambie neno.

Nikasema, "Atazoea. Mbona mimi nilizoea."

"Wewe ulipewa na mama yako ukiwa umeshiba," mke wangu akanijibu. "Huyu alifukuzwa nayo."

Mimi niliyekula na Wagiriki, nikafunika chupa ya achari.

Nimeshuka bila yeye, mama. Hapo nyumbani kila chungu kina pilipili, nawe wali usiowasha unauita uji wa mgonjwa. Siwezi kumleta mtoto mahali ambapo kila akiketi kula ataona anaadhibiwa. Na usiseme Wapare wamekunyang'anya mjukuu. Wao ndio waliompa makande. Waliokunyang'anya hawakai Chome, wala hawajui anaitwa nani. Nilipoaga alinipungia mkono mmoja, kwa wa pili ameziba mdomo.

Najua utakasirika. Kasirika, ila niandikie.

Nisalimie dada Mwanahawa anayekupikia, na mjomba mkwezi, mwambie nazi zake huku wanaziona kwa picha. Shangazi mchuuzi mwambie samaki wake niliwamaliza peke yangu, jikoni kwa watu, wote wakinitazama.

Mwanao mwenye mdomo mrefu na mikono mitupu,

Saidi